Chai Iliyokwisha Kunywewa

Siku ya kuniaga ofisini mlinipa saa kubwa ya ukutani, nikawashukuru kwa moyo wote, ingawa hadi leo sijui mtu asiyekwenda popote asubuhi anahitaji saa ya nini. Ng'ombe wangu wawili hapa Kabianga hawajui kusoma saa, na hawajawahi kuchelewa kunidai majani. Pamoja na saa hiyo mliniomba niwaandikie yale niliyoyaona kazini, kwa sababu, kama alivyosema mmoja wenu, nikifa nitakwenda nayo yote. Najua alisema kwa nia njema. Basi ninaandika kabla sijaenda nayo.

Habari za vyeo hamtazipata hapa. Nilipandishwa cheo mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo ilikuwa makosa ya karani.

Kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kutema. Nilikuwa mwonjaji katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Kericho. Kila asubuhi chai iliyotoka kwenye mashine za kukausha ililetwa katika chumba chetu, ikapimwa kidogo kidogo, ikamwagiwa maji ya moto, kisha ikapangwa katika bakuli nyeupe juu ya meza ndefu. Unapita na kijiko. Unavuta chai kwa nguvu na kelele, kama ndama aliyenyang'anywa titi, unaizungusha mdomoni, unatema ndani ya ndoo, unasema neno moja, na msaidizi anaandika. Kwa kazi hiyo ulikatazwa kula kitunguu, na ulikatazwa kuonja mursik kabla ya saa sita mchana. Kumwambia Mkipsigis asinywe maziwa lala hadi saa sita ni kumwambia asipumue.

Wazee walipokutana kuzungumzia ndoa yangu, baba mkwe wangu mtarajiwa aliuliza binti anafanya kazi gani. Mjomba wangu, ambaye hakupenda maneno mengi, akajibu kwamba ninalipwa kutema mate. Mzee alikitazama kikombe chake cha chai. Kisha akauliza kama kazi hiyo ina pensheni.

Nilikuwa nimeonja kwa miaka tisa vita vilipozuka kwa majirani zetu wa kaskazini. Nchi za mbali zilianza kutoa misaada, na kwa kuwa kusafirisha gunia la mahindi kutoka ng'ambo ni ujinga wakati Mulot ipo, vyakula vingi vilinunuliwa hapa kwetu na kupakiwa kwenye malori kuelekea mpakani. Mahindi na maharagwe yalitoka upande wa Mulot, chai ikatoka vilimani kwetu. Serikali yetu ndiyo iliyopokea na kupitisha vitu hivyo, na wafadhili wakasisitiza kuwe na ofisi huru ya kuiangalia. Ndivyo ofisi yetu ilivyozaliwa. Uhuru wake ulikuwa na maana kwamba tulilipwa na serikali ili tuikasirishe serikali. Ripoti zetu zilikwenda moja kwa moja kwa kamati ya wabunge bila kupita mezani kwa waziri yeyote. Hatukuwa na bunduki wala pingu. Tulikuwa na kalamu, barua ya kuturuhusu kuingia stoo yoyote, na gari lililokataa kupanda mlima wowote kabla halijasukumwa.

Mkuu wa tawi la Kericho alikuwa Mzee Kirui. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likiwaka, na alikuwa amekagua mizani za masoko tangu nikiwa mtoto. Alikuja kiwandani kutafuta mtu. Nilidhani ataniuliza vyeti. Badala yake aliniuliza kama naweza kunywa chai mbaya bila kukunja uso. Nikamwambia nimeolewa miaka saba sasa, na anayepika nyumbani ni mama mkwe wangu. Akaniandikia barua ya kazi pale pale.

Siku yangu ya kwanza alinipeleka Mulot kukagua mahindi ya msaada. Mwenye stoo alitupokea vizuri kupita kiasi, akatuonyesha magunia yaliyopangwa kama ukuta wa kanisa hadi karibu na mabati. Nilihesabu magunia ya mbele, nikahesabu ya ubavuni, nikahesabu ya kwenda juu, nikazidisha. Hesabu ililingana na karatasi, nikafurahi. Mzee Kirui hata hakuiangalia. Aliniambia nipande juu nitembee.

Nilipanda, nikatembea hatua tano, na hatua ya sita haikuwa na gunia chini yake. Ulikuwepo ubao mwembamba uliofunikwa kwa turubai, nao ulivunjika. Nilianguka katikati ya rundo, mahali palipopaswa kuwa na mahindi, nikatua kwenye godoro. Palikuwa na redio pia, na jiko dogo, na mlinzi wa stoo aliyekuwa akila ugali wake. Ukuta ule wa magunia ulikuwa nyumba yake. Hakushtuka hata kidogo. Alinisogezea nafasi kwenye godoro na kusema, "Karibu, Madam. Wewe ni wa pili."

Nikamuuliza wa kwanza alikuwa nani. Akaniambia ni mkaguzi mwingine, aliyeanguka mwezi uliopita, akatolewa kwa kamba, akanywa soda, akaenda zake bila kuandika chochote. Kutoka juu nikasikia sauti ya Mzee Kirui ikiuliza, bila haraka, magunia ni mangapi sasa.

Tulipokuwa tukirudi Kericho alinifundisha jambo ambalo ninawaachia ninyi. Alisema mwongo hupamba upande wa mbele, kwa hiyo mkaguzi aanzie nyuma. Kisha akanipa bambo lake, kile kichuma chenye ncha na mfereji ambacho hudungwa ubavuni mwa gunia ili kilicho ndani kitoke chenyewe bila kufungua kamba. Nilikaa nalo miaka yote niliyofanya kazi. Watu wengi walionitabasamia waliacha kutabasamu nilipolitoa kwenye mkoba.

Sasa niwaeleze kesi ya chai, maana najua ndiyo mliyotaka, na mmekuwa mkiisimulia vibaya kule ofisini.

Siku moja ilifika bahasha kutoka hospitali moja ya ng'ambo ya mpaka, katikati kabisa ya eneo la vita. Aliyeituma alikuwa muuguzi mkuu aitwaye Sista Abuk. Ndani palikuwa na majani ya chai, kiasi cha kujaza kiganja, yamefungwa katika karatasi ya kuandikia dawa, na barua fupi. Aliandika kwamba chai ya msaada wanayopokea haitoi rangi. Wameichemsha mara moja, mara mbili, mara tatu, na maji yamebaki maji. Alimalizia kwa kuuliza, kwa heshima, kama huku kwetu chai imebadilika siku hizi au ni wao wamesahau kupika.

Tulipeleka majani maabara. Jibu lilirudi na muhuri kwamba ni majani ya chai, hayana sumu, hayana ukungu. Karatasi za aliyeuza nazo zilikuwa safi. Aliyeuza alikuwa Bwana Sigei, mtu wa Sotik, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa harambee zote zilizohitaji mwenyekiti. Kama mmewahi kukaa kwenye kiti cha plastiki katika mazishi upande ule, yaelekea mlikalia kiti alichotoa yeye. Mzee Kirui aliweka jibu la maabara upande mmoja wa meza na majani upande wa pili, akanitazama.

Niliyaandaa kama tulivyofundishwa kiwandani, kwa kipimo, kwa maji yanayochemka, dakika sita. Nilivuta kijiko cha kwanza. Hapakuwa na kitu. Nilivuta cha pili na kuzungusha polepole. Kwa mbali sana, nyuma ya ulimi, nikaonja maziwa.

Majani makavu ya chai hayana maziwa. Maziwa huja baadaye, kwenye sufuria. Nilitema, nikafuta mdomo, nikamwambia Mzee Kirui, "Chai hii imekwisha kunywewa."

Hakucheka. Aliinuka akafunga mlango, maana ofisi yetu ilikuwa juu ya duka la dawa, na wagonjwa wa kikohozi walikuwa na tabia ya kupanda ngazi kimakosa na kusikiliza. Kisha akauliza mtu anaweza kupata wapi majani mengi namna hiyo, yaliyokwisha kupikwa, ya kujaza malori. Tulitazama dirishani pamoja. Chini yetu mji mzima wa Kericho ulikuwa ukinywa chai ya saa nne.

Nilikwenda kwa Mama Wambui. Alikuwa na hoteli karibu na stendi, mahali ambapo madereva walikunywa chai na mandazi kabla ya kuondoka. Wazazi wake walitoka Nyeri, yeye alizaliwa Kericho, amezika mume Kericho, na bado kila mwaka wa uchaguzi kuna mtu humuuliza anatoka wapi. Huwa anamjibu kwamba anatoka jikoni. Nilimuuliza makapi yake ya chai huenda wapi. Alifurahi kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Aliniambia kuna pikapu inayopita kila asubuhi katika hoteli na jikoni kubwa za mji, inaacha ndoo tupu na kuchukua zilizojaa. Watu wa pikapu husema makapi ni ya mradi wa uyoga wa akina mama wa kanisa kule Chepilat. Tena husisitiza majani yachujwe kabla ya kutiwa maziwa, eti maziwa huharibu uyoga. "Lakini mpishi wangu wa asubuhi ni mvivu," alisema. "Huchanganya vyote."

Nilimwombea baraka mpishi yule mvivu. Bila yeye nisingejua lolote.

Chepilat nilikwenda siku ya soko, nimevaa kitenge na kubeba kikapu kama mtu aliyefuata ndizi zinazotoka upande wa Nyamira. Uwanja wa nyuma ya kanisa ulikuwa umetandikwa karatasi za nailoni, na juu yake makapi ya chai yameanikwa, meusi, eneo kubwa la kutosha kuchezea mpira. Akina mama wapatao ishirini walikuwa wakiyageuza kwa reki. Kiongozi wao alikuwa mjane, Mama Chepkoech, mwenye mgongo ulionyooka na sauti ya kuongoza kwaya. Nilimsalimu kwa Kipsigis, akanipa kigoda na kikombe cha chai, chai nzito ya kweli, tukazungumza. Hakuwa na cha kuficha. Alinieleza kwamba Bwana Sigei amewasaidia sana, wanalipwa kwa kila beseni lililokauka, na watoto wamebaki shuleni. Jambo moja tu lilimsumbua.

"Tumeanika mwaka mzima sasa," alisema, "na huo uyoga hatujauona hata mmoja."

Niliondoka pale bila furaha niliyotarajia. Nilijua tayari kwamba nikimwangusha Sigei, hao wataanguka pamoja naye.

Mzee Kirui alisema bado hatuna kitu. Makapi yanayokauka Chepilat si kosa, na ulimi wangu si ushahidi mahakamani. Ilibidi tuonyeshe kwamba kilichoingia kwenye ndoo ya Mama Wambui ndicho kilichotoka kwenye gunia la msaada. Nilifikiria siku mbili. Siku ya tatu nilimpelekea Mama Wambui mfuko wa karafuu zilizosagwa, nikamwomba azitie kwenye sufuria ya chai kila asubuhi kwa siku nne, na jioni atie nyingine ndani ya ndoo ya makapi, nyingi, bila huruma. Aliuliza kama serikali imekubali. Nikamwambia sisi ni ofisi huru.

Wateja wake walilalamika. Dereva mmoja alisema anahisi kama amekunywa dawa ya meno. Siku ya nne wengine walikuwa wamezoea, na siku ya tano, karafuu zilipokwisha, walilalamika upya.

Shehena iliyofuata ya Sigei ilikuwa ikikusanywa katika ghala moja hapo Kericho, ikingoja malori. Tulituma barua kwamba tutaikagua mbele ya mwakilishi wa wafadhili kabla haijaondoka. Siku mbili baadaye alifika ofisini mtu kutoka Nairobi, mshauri wa wakubwa, mwenye suti nzuri na viatu ambavyo havikuwa vimewahi kukutana na tope letu jekundu. Hakututisha. Ningependa angetutisha, ingekuwa rahisi zaidi. Alizungumza kwa upole. Alisema wakati wa vita si wakati wa kukagua kila kijiko. Alisema wafadhili wamechoka na wanatafuta sababu ya kufunga mkono, na kwamba malori yanayobeba chai ndiyo hayo hayo yanayobeba dawa na bandeji. Hakuna mtu aliyewahi kufa kwa kunywa chai nyepesi, alisema, lakini bandeji zikikosekana watu watakufa, na jina langu ndilo litakuwa chini ya ripoti.

Alipoondoka nilifunga mlango. Nilimuuliza Mzee Kirui nifanye nini. Alivua kofia, jambo la nadra, akajikuna kichwa, akasema ulimi ni wangu.

Nilikwenda kumpigia simu Sista Abuk. Ilichukua siku nzima kumpata, kwa sababu kupata mtandao alilazimika kupanda juu ya tangi la maji la hospitali, na huko juu haikuwa salama kukaa muda mrefu. Sauti yake ilikuja ikikatwa na upepo. Nilimweleza yote, pamoja na maneno ya mshauri kuhusu bandeji. Upepo ulivuma hadi nikadhani laini imekatika. Kisha alinieleza jambo ambalo hakuliandika kwenye barua yake. Hospitalini kwao, mtu akija kutoa damu kwa ajili ya majeruhi, hupewa kikombe cha chai yenye sukari, ndiyo shukrani pekee waliyo nayo. Chai ilipoanza kuwa maji, watu walisema wauguzi wanauza majani mazuri sokoni na kuwachemshia makapi wanaotoa damu. Wengi walikuwa wameacha kuja.

"Andika, dada," aliniambia. "Kukosa tumezoea. Kudanganywa ndiko kunakotumaliza."

Siku ya ukaguzi tulikutana ghalani: Mzee Kirui na mimi, mshauri wa Nairobi, Bwana Sigei ndani ya koti lake la kanisani, na mwakilishi wa wafadhili, Bi Marit, mama mrefu kutoka nchi ya baridi ambaye alikiri mapema kwamba yeye hunywa kahawa. Sigei alifungua kwa sala ndefu. Aliombea wenye vita, akaombea wafadhili, akaombea wasafiri, akabariki mikono yote iliyoandaa chai hii. Kwa hilo la mwisho nilisema amina kwa sauti, kwa sababu mikono iliyoandaa chai ile ilikuwa ya Mama Chepkoech na wenzake, na haikuwa na hatia.

Nilimpa Bi Marit bambo na kumwomba achague magunia mwenyewe. Nilimwambia aanzie nyuma. Alifurahia kudunga kama mtu aliyekuwa akingoja nafasi hiyo maisha yake yote, na tukapata majani kutoka magunia saba. Nilichemsha maji mbele yao. Nilimimina kikombe kwa kila mtu, cha Sigei kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa na chai ilikuwa yake.

Kwetu mtu hakatai chai aliyoandaliwa. Sigei alikinywa kikombe chote mpaka chini, bila kupumzika, akakiweka mezani.

"Hii ndiyo chai ya kwetu," alisema.

Bi Marit alinusa yake mara mbili. Alisema kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba inanukia kama Krismasi ya nyumbani kwao. Nikamuuliza Bwana Sigei anaweka kiungo gani kwenye majani. Akajibu kwamba haweki kitu chochote, ni chai tupu, kutoka shamba hadi gunia. Nikamuuliza tena, taratibu, ili Mzee Kirui, aliyekuwa akiandika, aandike vizuri. Akarudia.

Nikawaambia kwamba chai hii ina karafuu. Nikasema mimi nilisomea hapa hapa, nikisema "bata" watu wa Pwani huniomba niandike ili wajue kama ni ndege au ni kitenzi cha kupata, lakini jiografia naijua, na karafuu hulimwa Pemba. Sikuwa nimesikia kwamba Pemba imehamia Sotik.

Ndipo Mzee Kirui alipofungua mlango, na Mama Wambui akaingia akiwa bado amevaa aproni, mkononi ndoo ya makapi yenye kifuniko, na ndani ya makapi harufu ile ile. Alimsalimu Sigei kwa adabu. Walikuwa wakifahamiana, kila mtu alimfahamu Sigei. "Karafuu ni zangu, Mwenyekiti," alimwambia. "Wateja wangu wamenitukana siku nne kwa ajili yako."

Sigei hakubisha. Alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa, akaivua tena. Mshauri aliinama akaweka kikombe chake chini ya kiti, kimejaa, kana kwamba hakijawahi kuwa chake. Baadaye tulikuja kujua kwamba Sigei alianza kidogo. Mwanzoni alichanganya makapi na chai mpya, na hakuna aliyegundua. Akapunguza chai mpya kila mwezi, kama mtu anayetaka kujua ng'ombe anaweza kuishi bila majani kwa muda gani, na alikuwa karibu kufaulu ng'ombe alipokufa.

Nikaandika ripoti. Niliandika kila kitu isipokuwa majina ya akina mama wa Chepilat.

Hapa ndipo ninyi mnapokosea mnaposimulia. Huwa mnaishia na karafuu, mnacheka, mnakwenda kula. Lakini mshauri wa Nairobi hakuwa ametudanganya. Wafadhili walisoma ripoti na kusimamisha kila kitu, chai, mahindi, dawa, bandeji, kwa wiki sita, hadi ununuzi wote ulipopangwa upya. Niliwaandikia, nikampigia simu Bi Marit hadi akaacha kushika. Yeye mwenyewe alipigana kwa upande wetu, nilikuja kujua baadaye, lakini meza zilizoamua zilikuwa mbali sana. Malori yalipoanza kwenda tena, Sista Abuk alinitumia ujumbe kwamba wamepokea, na kwamba watu wameanza kurudi kutoa damu. Sikumuuliza zile wiki sita zilikuwaje. Hakuniambia.

Kesi ya Sigei ilikwenda mahakamani. Faili lilipotea, likapatikana, hakimu akahamishwa, faili likapotea tena kwa heshima yake. Hakufungwa hata siku moja, ila hakupewa tenda tena. Kuanzia hapo kila shehena ya chai ilipita kwenye kijiko changu kabla ya kufungwa, hadi siku mlipompa Chelangat kijiko hicho. Mpeni muda. Anakunja uso, lakini ulimi anao.

Chepilat nilirudi mwenyewe, sikutaka wasikie kwa mtu mwingine. Uwanja ulikuwa mtupu, karatasi za nailoni zimekunjwa na kuwekewa mawe. Mama Chepkoech alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza. Alinipa kigoda, tukakaa, tukatazama barabara. Chai hakunipa.

Mzee Kirui alikufa mwaka jana, baada ya kustaafu kwa muda mrefu na kuugua kwa muda mfupi, kama alivyotaka. Tulimzika nyumbani kwake, mvua ikinyesha kidogo. Nilikuwa nimekaa kwenye hema pamoja na watu wa ofisini nilipoona mzee mmoja akipita na birika kubwa, akiwamiminia waombolezaji. Alikuwa Sigei. Alikuwa amezeeka, koti limekuwa kubwa kumliko. Sijui nani alimwalika. Nadhani hakuna, alikuja kwa sababu wazee wa kanisa walitakiwa kuhudumu, na yeye bado ni mzee wa kanisa. Alipofika kwangu alinitambua.

Alinimiminia, akasimama akingoja. Nilikunywa. Ilikuwa chai nzuri sana, ya majani mapya yaliyochumwa vizuri, machanga, iliyopikwa na mtu anayejua. Ilinikasirisha ilivyokuwa nzuri.

"Hii nimechuma mwenyewe," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, akaniuliza kama wale wa kule hospitalini walipata chai.

Nikamwambia walipata, lakini kwanza walikaa wiki sita bila kitu.

Alifikiri, birika limeinama mkononi, mvua ikigonga turubai. "Kwa ajili yangu, Madam," akauliza, "au kwa ajili yako?"

Nilikuwa nimejiuliza swali hilo kwa miaka mingi, na hapakuwa na mtu mwingine duniani mwenye haki ya kuniuliza.

"Kwa ajili yetu sote wawili," nilimwambia. "Niongeze."

Akaniongeza. Kisha akavuta kiti cha plastiki, akakaa kando yangu na birika lake miguuni, tukamzika Mzee Kirui.